Tuache Kulinyamazisha Gari

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi kwenye kikao cha wazazi, shule moja ya msingi hapa Dodoma mjini, siku chache kabla ya likizo ya Desemba. Wazazi kadhaa waliniomba niyaweke kwenye maandishi ili wawasomee waliobaki nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi wenzangu, mbukwenyi! Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Huu ni mwaka wa 22 nalala chini ya dashibodi za watu. Leo nimekuja na vitu vitatu, mnaviona hapa mezani: kiroba cha sembe cha kilo 10, mkanda niliouchomoa kwenye Noah iliyopata ajali, na hii taa ndogo isiyozidi punje ya hindi. Nianze na taa, maana ndiyo inayoniuma.

Nikiwa bado kijana kwenye kazi, alikuja mteja na gari lake la mtumba kutoka Japani. Kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa nyekundu, picha ya mtu amekaa, mbele yake kuna kiduara kama mpira. Hiyo ni taa ya mfuko wa hewa, wengine mnauita eabegi. Ikibaki inawaka maana yake mfumo umejipima, umekuta una kasoro, na siku ya ajali mfuko unaweza usifunguke. Akaniambia, "Fundi, hii taa inanikera, izime." Nikamweleza tatizo na gharama yake. Akasema hapana, zima taa tu. Nikafungua dashibodi, nikachomoa taa, akanilipa, akaondoka anacheka. Mkewe alikuwa siti ya mbele amempakata mtoto.

Baadaye nikajifunza ujanja mkubwa zaidi. Unaunganisha waya wa taa hiyo na waya wa taa nyingine, tuseme ya oili, ili ufunguo ukizungushwa ziwake pamoja, na injini ikishika zizime pamoja. Hapo hata mnunuzi mwangalifu hawezi kugundua. Nilifanya hivyo kwa magari ambayo siwezi kuyahesabu mbele yenu.

Nikaacha siku moja tu. Tuliletewa gari lililogonga mti. Mwenye gari alipona, lakini usukani ulimvunja taya, mfuko haukufunguka. Nikafungua dashibodi. Nikakuta waya umeunganishwa kwenye taa ya oili, umezungushiwa tepu nyeusi vizuri kabisa. Haukuwa mkono wangu uliofanya ile kazi, lakini niliufahamu kama mtu anavyofahamu mwandiko wake.

Ndugu wazazi, gari linazungumza. Waliolitengeneza wamelipa macho na sauti ili lituambie mapema. Na sisi, badala ya kusikiliza, tunalipa hela ili linyamaze.

Chukua ule mlio wa mkanda, ti-ti-ti-ti. Gari linakwambia hujajifunga. Tunafanya nini? Tunachomeka mkanda kwanza, kisha tunaukalia. Wengine wana kile kiulimi cha chuma kisicho na mkanda, ukikichomeka gari linadhani umejifunga. Tukimwona trafiki kwa mbali na nguo zake nyeupe, tunauvuta mkanda tunautupia kifuani kama mtandio, tukimpita tunauachia. Tumemdanganya trafiki, sawa. Ule mti wa pembeni ya barabara hauoni mtandio.

Naomba sasa baba mmoja mwenye nguvu aje hapa mbele. Karibu, kaka. Kipakate hiki kiroba kama unavyompakata mtoto. Kizito? (Akasema hapana, angeweza kukibeba mpaka Morogoro.) Vizuri. Kilo 10 ni mtoto wa mwaka mmoja hivi. Sasa gari lipo kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini, halafu linagonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukipiga hesabu ya darasani tu, kile kiroba kinavuta mikono yako kwa nguvu ya kama kilo 140. Hilo ni gunia zima la mahindi na madebe mawili juu yake, limerushwa kwenda mbele, na wewe una muda wa kupepesa jicho. Utalishika? (Ukumbi ukanyamaza. Yule baba akakiweka kiroba mezani taratibu, kama kimeanza kuwa kizito.)

Na kwenye barabara kuu, kilomita 80, kiroba hichohicho kinakuwa zaidi ya magunia mawili.

Kwa hiyo mama anayesema "mwanangu nimemshika" hasemi uongo kuhusu mapenzi yake. Mapenzi yapo. Mikono ndiyo haiwezi. Tena ukiwa umempakata bila wewe kufunga mkanda, mwili wako wote unamwangukia yeye, katikati ya wewe na dashibodi. Ukimzungushia mkanda wako mmoja mkiwa wawili, mkanda unamkata yeye, kwa sababu uzito wako unakuja kwa nyuma. Nisameheni kwa kusema wazi hivi. Hakuna namna ya kulisema kwa upole likaeleweka.

Kugonga kwa kilomita 50 ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 10, kama ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi hapa anayeweza kumsimamisha mtoto kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu. Lakini kila asubuhi naona watoto wamesimama katikati ya siti mbili za mbele, mikono begani kwa baba, wanaangalia barabara. Mahali pazuri pa kuona. Ndipo pa kwanza kuelekea kwenye kioo.

Sasa kiti cha mtoto, na hapa mnivumilie nikae kidogo.

Mama yeyote akimpokea mtoto mchanga, mkono wake wa kwanza unakwenda wapi? Shingoni. Hakuna aliyemfundisha darasani. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado laini. Ndiyo maana kiti cha mtoto mdogo kinafungwa siti ya nyuma, na mtoto anaelekea nyuma ya gari, mgongo wake ukielekea mbele aliko dereva. Gari likigonga kwa mbele, mgongo wote na kichwa vinapokelewa na kiti kwa pamoja. Kiti kinafanya kazi ya ule mkono wa shingoni. Akiangalia mbele, kiwiliwili kinazuiwa na mikanda, kichwa kinaendelea kwenda. Abaki anaangalia nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu, mpaka miaka miwili au zaidi. Mtaniambia miguu inabanwa. Ataikunja, watoto hawana shida na kukunja miguu. Na mguu ukivunjika unaungwa.

Kiti hicho cha kuangalia nyuma kisiwekwe kamwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko unafunguka kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa, na utakipiga kiti mgongoni, pale kichwa cha mtoto kilipo. Shusha kile kikinga jua cha abiria wa mbele, utaona kuna karatasi ya onyo yenye mchoro huo umekatwa na mstari mwekundu. Wengi tumeendesha miaka 10 bila kuusoma.

Akikua anageuzwa kuangalia mbele, lakini bado na mikanda ya kiti chenyewe. Akizidi hapo anakalia kiti cha kumwinua, kile kisicho na mikanda yake, ili mkanda wa gari umkae sawasawa. Na hapa wengi tunakosea, tunadhani mtoto wa darasa la pili ni mkubwa. Mkanda wa gari umetengenezwa kwa mtu mzima. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 hivi, wengine mpaka 150, mkanda unampita shingoni juu na tumboni chini. Mpime hivi: mgongo wake ugote kwenye egemeo, magoti yakunjike kwenye ukingo wa siti, mkanda wa juu upite katikati ya bega, wa chini ulale kwenye nyonga. Kikikosekana kimoja, bado anahitaji kuinuliwa. Msikubali aupitishe mkanda chini ya kwapa eti unamkwaruza.

Kukifunga kiti, weka goti lako juu yake, kibonyeze, kisha vuta mkanda kwa nguvu. Kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, rudia. Mtoto akishafungwa, jaribu kuubana mkanda begani kwa vidole viwili. Ukipata cha kubana, umelegea. Na hapa kwetu kuna la peke yake. Upepo wa Juni na Julai mnaujua. Tunamvalisha mtoto sweta juu ya sweta, blanketi juu, ndipo tunamfunga. Ajali ikitokea lile sufi linasinyaa na mkanda unabaki na nafasi ya kumtoa mtoto mzima. Mfunge akiwa na nguo nyepesi, kisha umfunike na kitenge au blanketi juu ya mikanda. Mchana wa jua la Oktoba fanya kinyume: shika kwanza vile vyuma vya mkanda kwa mkono wako, maana gari lililokaa juani vinaunguza ngozi.

Viti vya mitumba vipo, na sitawakataza, kwa sababu vipya ni ghali. Kipindue. Chini au nyuma kwenye plastiki kuna tarehe ya kutengenezwa, na kwa vingi kuna tarehe ya mwisho. Tafuta nyufa. Angalia kama mikanda haijachanika na kifungio kinalia "ka" kikiingia. Uliza kama kilikuwa kwenye gari lililopata ajali. Muuzaji asiyejua, kiache. Shirika la Afya Duniani linasema kiti kikitumiwa vizuri kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa hadi asilimia 71. Mimi nafunga redio za skrini kubwa kwa laki kadhaa, nafunga spika, nafunga taa za urembo chini ya mlango. Mteja analipa bila kusita. Nyuma hakuna kiti cha mtoto. Sisemi kwa kumsema mtu vibaya. Nasema kwa sababu hela ipo, tumeiweka pasipo mahali pake.

Nimeinua mkanda huu wa Noah muuone. Huu ulimwokoa mwenyewe. Angalieni hapa, umevutika, nyuzi zimenyooka kama kamba iliyobeba ng'ombe. Mkanda uliokwisha kufanya kazi yake kwenye ajali kubwa haurudishwi kazini, unabadilishwa. Aliyeubuni mkanda wa namna hii, wa kupita begani na kiunoni kwa pamoja, ni mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, akiwa na kampuni ya Volvo mwaka 1959. Kabla ya hapo alitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Volvo waliwaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo, ndiyo maana leo upo hata kwenye IST yako.

Mkanda wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga, usikae kwenye kitambi. Wa juu upite kifuani katikati ya bega. Usiwe umejisokota. Dada zangu wajawazito, mkanda haumdhuru mtoto ukifungwa vizuri: wa chini unapita chini ya tumbo, wa juu unapita katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Msiuache nyumbani miezi hiyo tisa.

Kisha nyuma. Jamani, nyuma! Ukinunua gari jambo la kwanza ni kava za viti. Fundi kava anavuta kitambaa, vifungio vya mikanda ya nyuma vinazama chini ya siti, na hapo ndipo vinapokaa mpaka gari liuzwe tena. Nimewahi kuinua siti ya nyuma nikakuta vifungio vitatu safi, bado vina nailoni ya kiwandani, na gari lina miaka sita hapa nchini. Abiria wa nyuma asiyejifunga anamrukia wa mbele mgongoni. Unaweza ukawa umefunga mkanda wako vizuri na bado ukauawa na shemeji yako aliyekaa nyuma yako. Hali kadhalika ndoo ya mafuta ya alizeti uliyoiweka juu kule nyuma ya kioo. Iteremshe kwenye buti.

Na vumbi letu la Dodoma linaingia kwenye kile kidude kinachokunja mkanda, mkanda unakuwa haurudi. Uvute wote nje, ufute kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uache ukauke wazi. Msitumie petroli wala jiki, vinaula uzi. Ukimaliza uvute ghafla. Lazima mkanda ukatae kutoka. Usipokataa, niletee.

Nirudi kwenye taa, lakini kwa haraka. Alama zile ni za dunia nzima, zimewekewa kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 2575. Redio ya gari lako inaongea Kijapani, lakini alama hazihitaji lugha. Rangi ni kama taa za barabarani pale mjini. Kijani na bluu ni taarifa tu: indiketa, taa kubwa, na kile kipimajoto cha bluu kinachosema injini bado ya baridi. Njano ni onyo, lipeleke gari kwa fundi karibuni. Nyekundu ni simama.

Kesho asubuhi fanyeni hivi. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Gari la kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa zote za onyo zitawaka kwa pamoja. Gari linajitambulisha, linasema macho yangu ni haya. Zihesabu. Ya mfuko wa hewa ipo? Itakaa sekunde chache kisha izime yenyewe, kabla hata injini haijawaka. Kama haikuwaka kabisa, au inazimika pamoja na ya oili injini ikishika, basi kuna fundi kama mimi wa zamani aliyepita hapo. Unaponunua gari la mkononi, fanya hili kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Zile nyekundu za kuogopa ni chache. Birika linalodondosha tone ni mgandamizo wa oili. Umepanda ule mlima kutoka Kintinku kwenda Manyoni, gari limejaa, saa nane mchana, birika likawaka: weka pembeni, zima injini hapohapo. Usiseme nitafika kileleni. Injini bila oili inakufa kwa dakika. Kipimajoto chekundu ni hivyohivyo, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, umewababua watu uso. Betri nyekundu si lazima iwe betri, mara nyingi ni mfumo wa kuchaji. Duara lenye alama ya mshangao ni breki. Shusha handbreki kwanza. Ikiendelea kuwaka, usiendelee na safari, hata kama unachelewa msibani. Picha ya injini ya njano ikitulia una muda wa kufika gereji, ikipepesa punguza mwendo na mzigo mara moja. Ile inayofanana na kiatu cha farasi chenye mshangao ndani ni upepo wa tairi. Na kale kamshale kando ya alama ya pampu ya mafuta kanaonyesha mfuniko wa tangi upo upande gani. Hako ni ka faida tu.

Kuna jambo nimelitunza. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa Dodoma. Mji umekuja, magari yamekuja nao. Trafiki anakagua siti ya mbele, anaandika, tunalipa. Lakini mtoto aliyepakatwa nyuma, miaka yote 22, sijaona mzazi aliyeandikiwa kwa ajili yake. Maana yake kwa huyo mtoto sheria ni wewe. Na ndani ya lile Hiace la shule, wakikalishwa watatu siti moja, sheria ni wewe uliyekaa hapa kwenye kikao chenye mamlaka ya kumuuliza mwenye gari. Mwenyekiti, naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu: mikanda mingapi, watoto wangapi.

Mnakwenda likizo wiki ijayo, wengine Kondoa, wengine Singida, wengine mnashuka Gairo mpaka pwani. Mtakaopanda basi, ule mkanda uliofungwa fundo chini ya siti ufungueni, hata kama ni mchafu. Konda akikosa mkanda kwenye siti yako, mwambie akuhamishe kabla basi halijatoka Nanenane.

Nimekuja na vifaa vyangu. Kijana wangu yupo pale nje chini ya mwarobaini. Kikao kikifungwa, leteni magari moja moja, tutainua siti za nyuma na kuvitoa vifungio vilivyozama. Hilo ni bure mpaka saa nane. Na yule ambaye taa yake ya mfuko wa hewa niliichomoa mimi, kama yupo humu au gari lake limenunuliwa na mtu aliye humu, aje. Nitairudisha kwa gharama yangu.